Hashimoto: Jina la Ukoo Lililogeuka Jina la Maradhi

Mgonjwa anatoka katika chumba cha daktari akiwa na karatasi ya majibu mkononi. Kwa miezi mingi amekuwa akichoka bila kufanya kazi nzito. Uzito umeongezeka ilhali chakula ni kile kile, sauti imekwaruza, ngozi imekauka, na shingoni pametokeza uvimbe usiouma. Jirani mmoja alimwambia kuwa huo ni uzee tu. Mwingine alinong'ona kuwa ni husuda. Sasa karatasi inasema jambo la tatu: ugonjwa wa Hashimoto. Anasoma neno hilo mara mbili, kisha anamrudia muuguzi na kuuliza kama maradhi hayo yanahusiana na moto.

Swali hilo si la kuchekwa. Sikio la Mswahili husikia "moto" ndani ya jina hilo, na mtu aliyepewa jina geni la maradhi ana haki ya kujua lilikotoka. Jibu fupi ni kwamba Hashimoto ni jina la ukoo la Kijapani, na maradhi hayo yaliitwa kwa jina la daktari aliyeyaeleza kwa mara ya kwanza mwaka 1912. Jibu refu lina faida zaidi, kwa kuwa jina hilo hilo lilibebwa na watu wengine kadhaa ambao maisha yao yaligusa tiba, mmoja wao akiacha alama hadi Nairobi.

Maana ya jina

Kwa Kijapani jina hili huandikwa kwa alama mbili. Ya kwanza, hashi, maana yake ni daraja. Ya pili, moto, maana yake ni shina, asili au mahali kitu kinapoanzia. Kwa hiyo Hashimoto ni mtu wa penye shina la daraja. Majina mengi ya koo za Japani yana asili ya namna hii: hutaja mlima, shamba, kijito, mti au mahali familia ilipokaa.

Katika enzi ya watawala wa Tokugawa, watu wa kawaida kwa jumla hawakuruhusiwa kutumia jina la ukoo hadharani. Haki hiyo ilikuwa ya tabaka la wapiganaji, yaani samurai, na ya wachache waliopewa ruhusa. Serikali ya Meiji iliondoa katazo hilo mwaka 1870, na mwaka 1875 ikaamuru kila raia awe na jina la ukoo. Familia nyingi zilijiandikisha kwa majina yaliyokuwa yakitumika kijijini, na nyingine zikachagua majina mapya. Madaraja yalikuwa kila mahali, na Hashimoto ni miongoni mwa majina yanayosikika sana Japani hadi leo. Ndiyo maana watu wanaotajwa katika makala haya, isipokuwa ndugu wawili wa Fukui, hawapaswi kudhaniwa kuwa ni jamaa wa damu moja. Wanashiriki jina tu, kama akina Juma na akina Mwangi wanavyoshiriki majina yao.

Fundi wa miavuli aliyekuwa mtaalamu

Wa kwanza katika safu hii ni Hashimoto Sokichi wa Osaka, aliyezaliwa mwaka 1763 na kufariki mwaka 1836. Kwa desturi ya Kijapani jina la ukoo hutangulia. Sokichi alikuwa fundi wa kuchora nembo kwenye miavuli, kazi ya mikono isiyompa mtu nafasi ya kusoma vitabu vya kigeni. Hata hivyo alisifika kwa kumbukumbu yake kali. Wasomi wawili wa Osaka, mmoja mnajimu na mwingine daktari, walimwona na kumgharimia safari ya kwenda Edo, mji unaoitwa Tokyo leo, ili ajifunze Kiholanzi.

Sababu ya Kiholanzi ilikuwa ya kisiasa. Kwa zaidi ya miaka 200 Japani ilikuwa imewafungia mlango Wazungu wote isipokuwa Waholanzi, nao waliruhusiwa kukaa katika kisiwa kidogo kimoja tu kwenye bandari ya Nagasaki. Elimu ya tiba ya Ulaya iliingia Japani kupitia vitabu vya Kiholanzi, na aliyetaka kujua mpangilio wa viungo vya mwili kama Wazungu walivyouchora alilazimika kuisoma lugha hiyo. Inasimuliwa kwamba Sokichi alihifadhi maneno 40,000 katika miezi minne. Hesabu hiyo huenda imetiwa chumvi na wasimulizi, lakini matokeo yalionekana: alirudi Osaka, akatafsiri vitabu, akafanya kazi ya udaktari, na akafanya majaribio ya umeme yaliyompa sifa ya kuwa baba wa utafiti wa umeme nchini mwake.

Kwa mtumishi wa afya wa leo, somo lililo wazi katika maisha ya Sokichi ni la lugha. Elimu ya tiba ilikuwapo, lakini ilikuwa imefungwa ndani ya lugha isiyojulikana na watu wake. Aliyefungua kufuli alikuwa fundi wa miavuli, baada ya wenzake kuona kipaji chake na kutoa fedha zao.

Ndugu wawili wa Fukui

Katika jimbo la Fukui, upande wa Bahari ya Japani, palikuwa na familia ya Hashimoto iliyorithishana udaktari wa mtawala wa jimbo. Mwaka 1834 alizaliwa humo mtoto aliyejulikana baadaye kama Hashimoto Sanai. Akiwa kijana mdogo alipelekwa Osaka katika shule ya Ogata Koan, daktari mashuhuri aliyekuwa akifundisha tiba kwa Kiholanzi na kueneza chanjo ya ndui. Shule hiyo ilikuwa na kamusi moja kubwa ya Kiholanzi, nao wanafunzi walipishana usiku na mchana kuitumia. Kutoka humo walitoka watu walioijenga Japani mpya, akiwamo Nagayo Sensai, aliyeongoza idara ya kwanza ya taifa ya afya ya jamii.

Sanai alirithi kazi ya baba yake, lakini mtawala wa jimbo, Matsudaira Shungaku, alimtoa katika udaktari na kumpa kazi ya kuongoza shule na kushauri siasa. Alitaka nchi ifunguliwe, ifanye biashara na mataifa na ijifunze sayansi yao. Katika mgogoro wa nani amrithi mtawala mkuu wa Tokugawa, kundi lake lilishindwa. Mwaka 1859 alikatwa kichwa mjini Edo, akiwa na umri wa miaka 25.

Mdogo wake, Hashimoto Tsunatsune, aliyezaliwa mwaka 1845, alibaki katika tiba. Baada ya utawala kubadilika alipelekwa Ujerumani mwaka 1872, akasoma huko, akarudi mwaka 1877 na kupanda hadi cheo cha daktari mkuu wa jeshi. Mwaka huo huo wa 1877, wakati wa uasi wa Satsuma, mwanasiasa Sano Tsunetami, ambaye naye aliwahi kusoma kwa Ogata Koan, alianzisha chama cha kuwahudumia majeruhi wa pande zote mbili za vita bila ubaguzi. Wengi waliliona jambo hilo kuwa la ajabu: vipi adui atibiwe? Japani ilijiunga na Mkataba wa Geneva mwaka 1886, na mwaka huo chama hicho kikafungua hospitali yake mjini Tokyo. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Tsunatsune. Mwaka uliofuata chama kikawa Chama cha Msalaba Mwekundu cha Japani. Mdogo wa mtu aliyeuawa kwa sababu za kisiasa akasimamia hospitali iliyojengwa juu ya msingi kwamba majeruhi haulizwi ni wa upande gani.

Daktari wa kijiji na wagonjwa wanne

Hashimoto ambaye jina lake limo katika majalada ya wagonjwa duniani kote ni Hashimoto Hakaru. Alizaliwa tarehe 5 Mei 1881 katika kijiji kimoja cha eneo la Iga, mkoa wa Mie, katika familia ya madaktari. Alisoma katika Chuo cha Tiba cha Fukuoka, kilichoingia baadaye katika Chuo Kikuu cha Kyushu, na akahitimu mwaka 1907 akiwa katika kundi la kwanza kabisa la wahitimu wa chuo hicho. Kisha akajiunga na idara ya upasuaji chini ya Profesa Miyake Hayari.

Katika idara hiyo alipewa kazi ya kuchunguza vipande vya tezi ya thairoidi vilivyotolewa kwa upasuaji. Tezi hiyo, ambayo vitabu vya Kiswahili huiita pia dundumio, imekaa mbele ya shingo mithili ya kipepeo, nayo hutengeneza homoni zinazouamuru mwili utumie nguvu kwa kasi gani. Wagonjwa wanne miongoni mwa waliopasuliwa, wote wanawake wa makamo, walimshangaza. Tezi zao zilikuwa zimevimba na kuwa ngumu, lakini chini ya hadubini hazikufanana na rovu la kawaida, wala hazikuwa na saratani wala kifua kikuu. Zilikuwa zimejaa seli nyeupe za damu za aina ya limfosaiti, zikiwa zimejikusanya katika vishada kana kwamba zilikuwa ndani ya tezi za limfu. Seli za asili za tezi zilikuwa zimeharibika, na nyuzi za kovu zilikuwa zikichukua nafasi yake.

Mwaka 1912 aliandika matokeo hayo katika jarida la upasuaji la Ujerumani, kwa Kijerumani, lugha iliyotawala tiba ya Japani wakati huo. Makala yake yalikuwa na kurasa 30 hivi na michoro mitano. Alidai kwamba huo ulikuwa ugonjwa wa aina yake, akaupa jina lililoeleza alichokiona: rovu lenye wingi wa seli za limfu. Hakuuita kwa jina lake mwenyewe.

Baadaye alikwenda Ujerumani kuendelea na masomo, akafanya kazi katika maabara ya patholojia mjini Göttingen. Vita Kuu ya Kwanza ilikatiza mipango yake. Alirudi Japani, na mwaka 1916 akarithi kazi ya baba yake kijijini. Mtu aliyekuwa amechapisha utafiti Ulaya akawa daktari wa wakulima, akipasua majipu, akizalisha na kutibu homa. Tarehe 9 Januari 1934 alifariki kwa homa ya matumbo, maradhi ambayo kila mganga wa zahanati ya Afrika Mashariki anayajua vizuri. Alikuwa na umri wa miaka 52.

Miaka zaidi ya arobaini ya kutosikilizwa

Hashimoto aliaga dunia bila kujua kuwa jina lake lingedumu. Mabingwa wengi wa Ulaya na Marekani waliudhani ugonjwa wake kuwa hatua ya mwanzo tu ya ugonjwa mwingine wa tezi, ulioelezwa na Mjerumani Riedel mwaka 1896. Ni mwaka 1931 ambapo daktari mpasuaji Allen Graham wa Cleveland, Marekani, alisisitiza kwamba magonjwa hayo ni mawili tofauti na kwamba Hashimoto alikuwa ameona sawasawa.

Hata hivyo swali kubwa lilibaki. Kwa nini seli nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, zilijaa ndani ya tezi isiyokuwa na kidudu chochote? Fundisho lililotawala tangu enzi ya Paul Ehrlich lilisema kwamba mwili hauwezi kujishambulia wenyewe. Mwaka 1956 fundisho hilo lilivunjwa kutoka pande mbili. Mjini Buffalo, Marekani, Noel Rose na Ernest Witebsky walionyesha kwamba sungura waliodungwa maji ya tezi ya sungura walitengeneza kingamwili dhidi ya tezi zao wenyewe, na tezi hizo zikaharibika kwa namna iliyofanana na ya wagonjwa wa Hashimoto. Mjini London, Deborah Doniach, Ivan Roitt na wenzao walichanganya majimaji ya damu ya wagonjwa wa Hashimoto na utomvu wa tezi ya binadamu, wakaona mgando unatokea: wagonjwa hao walikuwa na kingamwili dhidi ya tezi zao.

Ugonjwa wa Hashimoto ukawa kielelezo cha kwanza cha wazi cha kiungo kimoja cha binadamu kushambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe. Elimu iliyozaliwa hapo ndiyo inayotumika leo kuelewa kisukari cha aina ya kwanza na magonjwa mengine mengi. Yote yalianzia kwa wanawake wanne na kijana mpasuaji ambaye hakukubali kuandika "rovu la kawaida" pale alipoona kisicho cha kawaida.

Mgonjwa na mtumishi wa afya wajue nini

Tezi inaposhambuliwa polepole kwa miaka, homoni zake hupungua na mwili mzima hupunguza mwendo. Dalili zake ni uchovu, kuhisi baridi wakati wengine wanaona joto, ngozi kukauka, nywele kupukutika, choo kigumu, kuongezeka uzito, sauti kukwaruza, mapigo ya moyo kwenda taratibu, usahaulifu na huzuni. Kwa wanawake, hedhi inaweza kuwa nzito au kuvurugika, na mimba inaweza kuchelewa kutunga au kuharibika. Uvimbe wa shingoni unaweza kuwapo au usiwepo. Kwa hiyo jina lenye sauti ya moto limeangukia maradhi ambayo mara nyingi humfanya mtu ahisi baridi.

Ugumu wa dalili hizi ni kwamba kila moja ina maelezo mepesi ya kuaminika. Uchovu husemwa ni wa kazi, unene husemwa ni wa ulaji, na huzuni husemwa ni ya mawazo. Mtu huweza kuzunguka kwa miaka baina ya zahanati, maduka ya dawa na waganga akitibiwa dalili mojamoja. Mtumishi wa afya anayeziona tatu au nne kwa mtu mmoja, hasa mwanamke wa umri wa kati ya miaka 30 na 50, au mwenye ndugu wa damu mwenye maradhi ya tezi, ana sababu ya kutosha ya kuipapasa shingo yake na kumpeleka apimwe. Wanawake hupata ugonjwa huu mara nyingi zaidi kuliko wanaume, lakini wanaume na watoto hawakuepushwa nao.

Kipimo cha kwanza ni cha damu kiitwacho TSH, ambayo ni homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ifanye kazi. Tezi inapochoka, ubongo hupaza sauti na TSH hupanda. Kipimo cha kingamwili dhidi ya tezi husaidia kuthibitisha chanzo. Ikumbukwe kwamba mtu anaweza kuwa na kingamwili hizo huku tezi yake ikiendelea kufanya kazi vyema. Huyo aghalabu huhitaji kufuatiliwa tu.

Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, rovu limehusishwa kwa muda mrefu na upungufu wa madini joto, na chumvi yenye madini hayo imewaokoa watu wengi. Lakini si kila rovu latokana na upungufu huo. Kwa mwenye ugonjwa wa Hashimoto, kumeza vidonge au vimiminika vya madini joto kwa wingi bila ushauri kunaweza kuizidishia tezi madhara. Chumvi ya kawaida ya mezani inatosha. Na uvimbe wa shingo unaokua kwa haraka, au unaozuia kumeza au kupumua, unapaswa kuonwa na daktari bila kuchelewa.

Tezi iliyopungukiwa hutibiwa kwa vidonge vya levothairoksini, vyenye homoni ile ile ambayo tezi ingeitengeneza. Dawa hii imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Humezwa mara moja kwa siku, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa. Vidonge vya madini chuma na vya kalsiamu huzuia dawa isifyonzwe, hivyo vitenganishwe nayo kwa saa nne. Jambo hili ni zito kwa mjamzito, kwa kuwa ndiye anayepewa vidonge vya madini chuma kliniki. Mjamzito huhitaji pia kiasi kikubwa zaidi cha homoni kwa ajili yake na kwa ukuaji wa ubongo wa mtoto. Amwarifu daktari mara tu anapojua kuwa ni mjamzito, wala asiache dawa kwa kuogopa kumdhuru mtoto. Baada ya dozi kuanza au kubadilishwa, TSH hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane.

Kosa linalorudiwa sana ni kuacha dawa baada ya kupata nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa. Kwa wagonjwa wengi matibabu ni ya maisha, na anayeyafuata huishi, hufanya kazi na huzaa kama watu wengine. Ugonjwa huu hauambukizi, haurogwi, wala hautokani na kosa la mtu. Waliosema "mficha maradhi kifo humuumbua" walikuwa na hekima; anayefichua shingo yake mapema hupata tiba nyepesi.

Waziri Mkuu na minyoo

Hashimoto mwingine alifika Afrika Mashariki kwa njia tofauti. Hashimoto Ryutaro, aliyezaliwa mwaka 1937, alikuwa Waziri wa Afya na Ustawi wa Japani mwaka 1978 na 1979, kisha Waziri Mkuu tangu Januari 1996 hadi Julai 1998. Katika mikutano ya wakuu wa mataifa tajiri, Denver mwaka 1997 na Birmingham mwaka 1998, alileta mezani jambo ambalo mikutano ya aina hiyo haikuzoea kulizungumzia: minyoo na vimelea vingine.

Alikuwa akizungumza kwa niaba ya nchi iliyoyapitia hayo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, zaidi ya nusu ya Wajapani walikuwa na minyoo ya tumbo. Shule, madaktari na vyama vya wananchi walishirikiana kupima choo cha watoto na kugawa dawa, huku vyoo na kilimo vikibadilishwa, na ndani ya miongo michache minyoo ikatoweka kama tatizo la taifa. Kichocho nacho kilikuwa kimewaua wakulima wa mpunga kwa vizazi. Mdudu wake alitambuliwa na Katsurada Fujiro mwaka 1904, na konokono anayemlea akagunduliwa mwaka 1913 na Miyairi Keinosuke, profesa wa Kyushu, chuo kile kile cha Hashimoto Hakaru. Mwaka 1996, mwaka ambao Ryutaro alishika uongozi, mkoa wa Yamanashi ulitangaza kuwa kichocho kimekwisha.

Pendekezo lake lilizaa vituo vitatu vya mafunzo na utafiti wa kudhibiti vimelea: kimoja Bangkok katika Chuo Kikuu cha Mahidol, kimoja Accra katika Taasisi ya Noguchi, na kimoja Nairobi katika Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, kwa ajili ya Afrika Mashariki na Kusini. Fikra ilikuwa kuanzia shuleni, ambapo watoto wanapatikana na walimu wapo. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kuwafikia kwa dawa angalau asilimia 75 ya watoto wa shule walio hatarini. Kenya ilianza mpango wake wa kitaifa wa dawa za minyoo shuleni mwaka 2009. Mtoto anayetafuna kidonge cha albendazoli darasani hana haja ya kulijua jina la Hashimoto, na mwanasiasa huyo, aliyefariki mwaka 2006, hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Lakini ni nadra kwa kiongozi wa nchi tajiri kuitumia nafasi yake kuwasemea watoto wenye minyoo.

Mtoto wa mwenge

Wa mwisho ni mwanamke aliyekuwa mgonjwa. Hashimoto Seiko alizaliwa katika kisiwa cha Hokkaido tarehe 5 Oktoba 1964, siku tano kabla ya kufunguliwa kwa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Baba yake alimpa jina linalotokana na neno la Kijapani la mwenge mtakatifu wa Olimpiki. Huyu, basi, ndiye Hashimoto mwenye moto kweli. Akiwa shule ya msingi aliugua figo, akalazwa, na kukatazwa michezo kwa muda mrefu. Alipopona alirudi kwenye barafu. Alishiriki Olimpiki saba, nne za majira ya baridi katika mbio za barafuni na tatu za majira ya joto katika baiskeli, na mwaka 1992 alipata medali ya shaba katika mbio za mita 1,500. Akaingia bungeni mwaka 1995, akawa waziri, na mwaka 2021 akaongoza kamati iliyoandaa Olimpiki ya Tokyo wakati wa janga la UVIKO-19.

Jibu la muuguzi

Muuguzi aliyeulizwa kama ugonjwa wa Hashimoto unahusiana na moto anaweza sasa kujibu kwa dakika moja. Anaweza kusema kwamba Hashimoto ni jina la ukoo lenye maana ya penye shina la daraja. Kwamba daktari wa jina hilo aliona, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, jambo ambalo wakubwa wake hawakuliona. Kwamba yeye mwenyewe alirudi kuwatibu watu wa kijijini kwao hadi alipofariki. Na kwamba ugonjwa alioueleza una dawa inayojulikana. Kisha amwoneshe mgonjwa kidonge, amweleze saa ya kukimeza, na amwandikie kwenye kadi tarehe ya kurudi kupima TSH.